Wauguzi Wawili Waliovaa Sare ya Polisi

Mwaka 1968, katika hospitali ya Queen's mjini Croydon, kusini mwa London, muuguzi mmoja kutoka Jamaika alikuwa kwenye mapumziko ya mchana akipekua gazeti. Macho yake yakatua kwenye tangazo la Polisi wa London: walitafutwa wanaume na wanawake wa kujiunga na jeshi hilo. Alilikata tangazo, akalihifadhi, na alipopata nafasi akatuma maombi. Aliitwa Sislin Fay Allen, mke wa mtu na mama wa watoto, mwenye umri wa miaka 29. Siku ya usaili alipotazama huku na huku aligundua kwamba mtu mweusi mle ndani ni yeye peke yake. Akafaulu.

Baadaye maishani alieleza kwamba hakukusudia kuandika historia. Alitaka tu kubadili mwelekeo wa maisha. Lakini historia ilikuwa inamsubiri mlangoni. Polisi wa London walianzishwa mwaka 1829. Wanawake waliingizwa mwaka 1919, mwaka uleule ambao Waingereza waliunda Jeshi la Polisi la Tanganyika, na walikaa hadi mwaka 1923 ndipo wakapewa mamlaka ya kukamata mhalifu. Mwanamume mweusi wa kwanza wa zama za baada ya vita, Norwell Roberts, aliajiriwa mwaka 1967. Mwanamke mweusi hakuwa amewahi kuonekana ndani ya sare ile katika Uingereza nzima, mpaka alipotokea Allen.

Alianza doria mwezi Aprili. Ni vigumu kutaja mwezi mbaya zaidi ya huo. Wiki chache kabla, tarehe 1 Machi 1968, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha kwa haraka ya siku tatu sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Tarehe 20 Aprili, mjini Birmingham, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba ya kuwatisha Waingereza kwamba wahamiaji wataiangamiza nchi yao, na makuli wa bandari ya London wakaandamana kumuunga mkono. Katikati ya joto hilo, konstebo mweusi wa kike alitoka kituo cha Fell Road, Croydon, akatembea barabarani kwa miguu kama alivyopangiwa.

Watu walisimama kumtazama. Wapiga picha wa magazeti walimwandama kiasi cha kumfanya akimbie kuwakwepa. Barua za chuki zilimiminika kwa Polisi wa London kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kumwona, wenye hasira tu kwamba mtu wa rangi yake amepewa mamlaka juu yao. Yeye akaendelea na zamu zake. Alihamishiwa makao makuu, Scotland Yard, kwenye kitengo cha watu waliopotea, kisha kituo cha Norbury. Mwaka 1972 aliacha kazi kwa sababu za kifamilia, akarudi Jamaika, na huko pia akavaa sare ya polisi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe aliyoikuta. Wakati ule polisi wanawake wa London walikuwa idara yao peke yao. Walishughulika na watoto, wanawake, wasichana waliotoroka nyumbani na watu waliopotea. Mshahara wao ulikuwa sehemu tisa kwa kumi za mshahara wa mwanamume wa cheo hichohicho. Ndani ya idara ya waliotengwa kwa jinsia, Allen alikuwa ametengwa tena kwa rangi. Hakuna aliyekuwa amemtangulia wa kumuuliza njia, wala kanuni ya jeshi iliyosema afanye nini mwenzake kazini akimtukana.

Muuguzi wa pili alizaliwa kwetu.

Karpal Kaur Sandhu alizaliwa Zanzibar mwaka 1943, katika familia ya Kalasinga. Jamii hiyo tumeizoea Afrika Mashariki tangu enzi za ujenzi wa reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, na fundi Kalasinga hakukosekana katika karakana zetu. Utawala aliozaliwa chini yake, Unguja na bara vilevile, uliwapanga watu kwa rangi zao. Katika polisi ya Tanganyika mpangilio huo ulionekana wazi kwenye mabega ya watu: maofisa walikuwa Wazungu, nafasi kadhaa za kati walipewa Waasia, na Mwafrika akawa askari wa kushika rungu, kulinda lindo na kupiga saluti. Ndiyo maana mwaka 1964, Elangwa Shaidi aliposhika uongozi wa jeshi hilo akiwa Mwafrika wa kwanza, lilikuwa jambo kubwa kuliko mabadiliko ya kawaida ya mkuu wa idara.

Karpal hakuwepo kuyaona hayo. Aliondoka Zanzibar kwenda Uingereza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa visiwa. Huko akafanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Chase Farm, kaskazini mwa London. Tarehe 1 Februari 1971 akajiunga na Polisi wa London. Hakuna mwanamke wa asili ya Asia aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake, London wala kwingineko Uingereza.

Alipangiwa Hornsey, kisha Leyton, mashariki mwa jiji. Waliompanga walijua walichokuwa wakikihitaji. Mitaa ilikuwa imejaa familia ambazo polisi hawakuweza kuzungumza nazo: mama asiyejua Kiingereza ameibiwa, mtoto amepotea, mzee ameshambuliwa na genge la wahuni, na konstebo amesimama mlangoni na daftari lake hana hata la kuandika. Mkuu wake aliacha maandishi kwamba msaada wa Karpal kwa jamii za wahamiaji ulikuwa wa thamani isiyo kifani, na kwamba alikuwa akiwafundisha polisi wenzake lugha za Kiasia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na takriban watu 28,000 wakatua Uingereza wakiwa na masanduku tu mkononi. Polisi aliyezaliwa Afrika Mashariki na kulelewa katika nyumba ya Kiasia alikuwa hazina mwaka huo.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa hivyo. Mumewe hakuitaka kazi ile. Kwake yeye, na kwa wengine wengi wa wakati huo, kukamata watu na kutembea usiku na wanaume haikuwa kazi ya mwanamke mwenye mume. Tarehe 4 Novemba 1973, nje ya nyumba yao huko Chingford, mume huyo alimshambulia na kumuua. Karpal alikuwa na umri wa miaka kama 30, mama wa watoto wawili. Alikuwa amevaa sare kwa muda usiofika miaka mitatu.

Kifo hicho hakiwezi kupitwa haraka, kwa sababu kinafichua kitu ambacho sare ilikifunika. Mwanamke aliyekuwa akitumwa kuingia katika nyumba za watu kutuliza ugomvi hakuwa na kinga dhidi ya ugomvi wa nyumba yake. Mwaka 1973, polisi wa Uingereza waliona kipigo cha mke kuwa jambo la mtu na mkewe. Nyumba ya kwanza ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1971 tu, huko Chiswick, kwa juhudi za raia. Sheria ya kwanza ya kuwalinda dhidi ya waume zao ilipitishwa mwaka 1976. Jeshi lilijua kuitumia lugha ya Karpal na rangi yake. Kumlinda yeye mwenyewe, au mwanamke mwingine yeyote aliyekuwa katika hali yake, halikuwa limejipanga.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kuwa wa kwanza na kuwa kiongozi. Allen na Karpal walifungua mlango kwa miili yao, lakini hakuna aliyewapa kalamu ya kubadili kanuni za nyumba waliyoingia. Kazi hiyo iliwasubiri wengine, na ilisukumwa na damu.

Mwezi Aprili 1981, huko Brixton, kusini mwa London, polisi waliendesha operesheni ambayo ndani ya siku sita ilisimamisha na kupekua watu 943, wengi wao vijana weusi. Mtaa ukalipuka kwa ghasia. Jaji Scarman aliyechunguza alikiri kwamba vijana hao walikuwa wakionewa, lakini akakataa kusema kwamba jeshi lenyewe kama taasisi lina ubaguzi. Kwa mujibu wake, tatizo lilikuwa la askari wachache.

Miaka 12 baadaye, usiku wa tarehe 22 Aprili 1993, kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alikuwa akisubiri basi huko Eltham pamoja na rafiki yake. Genge la vijana wa Kizungu likamchoma kisu hadi kufa kwa sababu ya rangi yake. Majina ya watuhumiwa yalifika polisi ndani ya saa chache. Siku zikapita bila kukamatwa mtu. Wazazi wake, Doreen na Neville, wote wenye asili ya Jamaika, walihojiwa kana kwamba mtoto wao ndiye mtuhumiwa. Mwezi Mei mwaka huo Nelson Mandela, akiwa London, alikutana nao na kusimama upande wao hadharani. Siku moja tu baada ya hapo, polisi walianza kukamata watu.

Doreen Lawrence hakuwa polisi, lakini hakuna afisa aliyebadili polisi wa Uingereza kuliko mama huyo. Alidai uchunguzi wa wazi kwa miaka mingi, na ripoti ya Jaji Macpherson ya Februari 1999 ikasema lile ambalo Scarman alilikwepa: Polisi wa London wana ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya taasisi yenyewe. Yalikuja mapendekezo 70, na mengine yaligusa kazi ya kila siku. Kwa mfano, tukio lolote ambalo mhanga au mtu mwingine anaona ni la kibaguzi liandikwe hivyo kituoni tangu mwanzo, badala ya kusubiri askari wa kaunta aamue kama analiamini. Mwaka 2000 sheria ya mahusiano ya rangi ikapanuliwa hadi kuwabana polisi wenyewe. Pendekezo jingine liliruhusu, kwa makosa makubwa, mtu aliyeachiwa huru ashtakiwe tena ushahidi mpya ukipatikana. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyowezesha mmoja wa wauaji wa Stephen kurudishwa kizimbani, na Januari 2012 wawili kati yao wakatiwa hatiani.

Ndani ya jeshi nako maafisa weusi walikuwa wamejipanga. Mwaka 1994 waliunda Chama cha Polisi Weusi wa London, na baadaye chama cha taifa zima. Kwa mara ya kwanza konstebo aliyetukanwa kazini alikuwa na pa kupeleka shauri lake, mbali na mkuu yuleyule anayemwandikia tathmini. Chama hicho cha taifa ndicho kilichomkabidhi Sislin Fay Allen tuzo ya heshima ya maisha mwaka 2020. Alifariki nyumbani kwake Jamaika mwezi Julai 2021, akiwa na miaka 83. Mwezi Februari mwaka huohuo, Polisi wa London walikuwa wameadhimisha miaka 50 tangu binti wa Zanzibar, Karpal, alipoapishwa.

Katika kizazi kilichofuata, mwanamke mweusi alifika kwenye meza ya maamuzi. Patricia Gallan, mzaliwa wa Scotland, alijiunga na Polisi wa London mwaka 1987, akapanda ngazi, akawa miongoni mwa makamanda wa polisi wa Merseyside huko Liverpool, kisha akarudi London hadi cheo cha Kamishna Msaidizi. Alipostaafu mwaka 2018 hapakuwa na mwanamke mweusi mwenye cheo kikubwa kuliko chake katika polisi ya Uingereza. Chini yake kulikuwa na idara ya makosa makubwa ya jinai pamoja na vikosi maalumu. Kutoka kwa Allen, aliyepangiwa watu waliopotea, hadi kwa Gallan, aliyewapangia kazi wapelelezi wa mauaji, ilipita miaka 50.

Hata hivyo safari haikuishia kwenye cheo cha mtu mmoja. Mwezi Machi 2021 mwanamke aitwaye Sarah Everard alitekwa na kuuawa na askari aliyekuwa bado ameajiriwa na Polisi wa London, na aliyetumia kitambulisho chake cha polisi kumkamata. Bibi Louise Casey akapewa kazi ya kulichunguza jeshi zima. Ripoti yake ya Machi 2023 ilisema lina ubaguzi wa rangi, chuki kwa wanawake na chuki kwa mashoga, na kwamba hayo yamejengeka katika taasisi. Katika jiji lenye watu wa kila rangi, asilimia 82 ya maafisa walikuwa Wazungu na asilimia 71 wanaume. Kabla ya hapo, ripoti yake ya awali ya mwaka 2022 ilikuwa imeonyesha kwamba uwezekano wa mtumishi mweusi kufunguliwa mashtaka ya nidhamu ni mkubwa kwa asilimia 81 kuliko wa mwenzake Mzungu. Takwimu hiyo ya mwisho inafaa kusomwa na kila anayeongoza jeshi lolote, kwa sababu inaonyesha mahali mamlaka yanapokaa kweli: kwenye faili la nidhamu, kwenye orodha ya uhamisho, kwenye kikao cha kupandisha vyeo.

Hilo linatuleta Dodoma. Tuchukue mfano wa Zuzu, kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, ambako reli ya kati inapita ikielekea Tabora. Makao Makuu ya Jeshi la Polisi nayo yamehamia Dodoma, kwa hiyo mwanamke wa Zuzu anaishi katika jiji moja na wanaopanga askari wa nchi nzima. Tanzania haina ngazi ya rangi tena katika polisi yake. Ile ilivunjwa na kizazi cha Shaidi. Iliyobaki ni ngazi ya jinsia, na mwanamke anayeshtaki ndiye anayeijua zaidi.

Kwa miaka mingi, mke aliyepigwa alifika kaunta ya polisi akiwa amevimba uso, akaeleza mbele ya mahabusu, wapita njia na jirani aliyekuja kuripoti mbuzi aliyeibwa, kisha akaambiwa arudi wakayamalize nyumbani. Sheria haikukosekana. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyokaza adhabu za ubakaji na kufanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 bado ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini, na katika Mkoa wa Dodoma asilimia 47 walikuwa wamekeketwa. Sheria ilikuwepo kwenye vitabu. Kituoni hapakuwa na chumba wala mtu wa kuitekeleza.

Mabadiliko yalianza wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeongoza jeshi kuanzia mwaka 2006 hadi 2013. Mwaka 2007 askari wanawake walianzisha Mtandao wa Polisi Wanawake Tanzania, unaojulikana kwa kifupi TPF-Net, na miaka michache baadaye vituo vikaanza kufungua Dawati la Jinsia na Watoto. Leo madawati hayo ni zaidi ya 400 nchini. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: mlalamikaji haongei kaunta, anapelekwa kwenye chumba cha faragha, anasikilizwa na askari aliyepewa mafunzo, mara nyingi mwanamke, anaandikiwa fomu ya PF3 aende hospitali, na faili lake linafuatiliwa na dawati hilohilo. Kwa mtoto aliyebakwa, tofauti kati ya kaunta na chumba kile ndiyo tofauti kati ya kesi kufika mahakamani na kesi kufia nyumbani kwa fidia ya mifugo.

Askari wa kike wa Tanzania wamepanda pia. Suzan Kaganda alifikia cheo cha Kamishna wa Polisi akiwa na dhamana ya utawala na rasilimali watu, yaani ajira, vyeo na uhamisho wa askari wote, kabla ya kuteuliwa balozi wa Tanzania nchini Zimbabwe. Wadhifa huo ni mzito kuliko unavyosikika masikioni. Anayeushika ndiye anayeamua kama askari wa dawati aliyepata mafunzo ataachwa kituoni akomae kazini, au atahamishwa kesho kwenda trafiki na chumba kufungwa kwa kufuli.

Kwa hiyo swali la kuwauliza viongozi wa polisi mkoani Dodoma haliwezi kuishia kwenye idadi ya madawati. Wanawake wangapi ni wakuu wa vituo? Wangapi ni wakuu wa upelelezi wa wilaya, wenye sauti ya mwisho kuhusu jalada la ubakaji? Dawati lina gari la kufika Zuzu usiku, au askari wake anategemea nauli ya mlalamikaji? Na askari wa kike anayepigwa na mumewe katika nyumba za kambi, yeye anashtaki kwa nani? Swali hili la mwisho Polisi wa London hawakuwa na jibu lake mwaka 1973, na liliwagharimu maisha ya Karpal Kaur Sandhu. Jeshi letu linaweza kulijibu kwa maandishi mwaka huu: liandike utaratibu, limtaje afisa wa kupokea malalamiko ambaye si mkuu wa kambi ya mlalamikaji, na lipeleke nakala yake katika kila kambi ya askari nchini.